Mkulima wa Pwani Asiye na Jembe

Kila mkulima anamjua nyungunyungu. Mvua za kwanza zinaponyesha na jembe linapopindua udongo mweusi, yeye huonekana akijikunja juani, na kuku humkimbilia mara moja. Mkulima mwenye busara hamwonei kinyaa, kwa maana ajua ya kuwa shamba lenye nyungunyungu wengi ni shamba lenye afya. Mtaalamu mashuhuri wa Uingereza, Charles Darwin, aliliona jambo hili kuwa kubwa hata akaandika kitabu kizima juu ya nyungunyungu, nacho kilitolewa mwaka 1881. Humo alieleza jinsi viumbe hao wadogo wanavyoipindua ardhi ya mashamba kwa kuimeza na kuitoa juu tena.

Lakini si watu wengi wajuao ya kuwa nyungunyungu ana mwenzake baharini, afanyaye kazi ile ile katika mchanga wa pwani. Bwana Linnaeus wa Sweden, aliyewapa wanyama na mimea majina yao ya kitaalamu, alimwita mnyoo huyo Lumbricus marinus mwaka 1758, maana yake nyungunyungu wa baharini. Wataalamu waliokuja baadaye walimchunguza zaidi, wakaona ya kuwa wawili hao si wa jamaa moja hasa, wakambadilishia jina. Sasa huitwa Arenicola marina, yaani mkaa mchangani wa baharini. Makao yake ni katika fukwe za Ulaya ya kaskazini na magharibi: Uingereza, Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani na nchi jirani. Hupenda mahali ambapo mchanga umechanganyika na tope kidogo, na ambapo bahari hupwa mbali na kuacha uwanda mpana.

Mtu apitaye katika uwanda huo wakati wa maji kupwa hamwoni mnyoo mwenyewe. Aonacho ni vichungu vingi vya mchanga, kila kimoja kama kamba nyembamba iliyoviringwa vizuri na kuwekwa chini. Hicho ndicho kinyesi chake. Karibu na kila kichungu pana kishimo kidogo, mfano wa ukingo wa kikombe. Kati ya kichungu na kishimo hicho, chini kabisa, ndimo alimo mwenye nyumba.

Mnyoo mzima huwa na urefu wa inchi 5 hadi 8, na wengine huzidi. Rangi yake yaweza kuwa nyekundu iliyofifia, hudhurungi, kijani au hata nyeusi. Mwili wake una sehemu tatu. Sehemu ya mbele ni nene kama kidole cha mtu, nayo haina macho ya kuonekana wala meno. Mdomo wake ni mfuko laini unaotokeza nje na kurudi ndani. Sehemu ya kati ina jozi 13 za matamvua mekundu, mfano wa vichaka vidogo, nayo ndiyo ya kuvutia pumzi kutoka majini. Sehemu ya nyuma ni mkia mwembamba usio na matamvua wala vinywele, uliojaa mchanga unaongoja kutolewa.

Nyumba yake ni shimo lenye umbo la ndoana, lenye kina cha inchi 8 hadi 16 hivi. Mnyoo hulala chini, penye sehemu ya mlalo, na kuta za nyumba amezipaka ute wake zisiporomoke. Nyuma yake pana njia iliyo wazi ielekeayo juu. Mbele yake pana nguzo ya mchanga mlegevu. Basi kazi yake huanza hivi. Mnyoo huvimbisha pingili za mwili wake moja baada ya nyingine, na kwa kufanya hivyo huyavuta maji ya bahari kupitia njia ya mkia na kuyasukuma mbele ya kichwa chake. Maji hayo huipenya ile nguzo ya mchanga yakipanda juu, huilegeza, na kuacha ndani yake vijidudu na taka ndogo ndogo zilizokuwa zikielea. Mnyoo humeza mchanga uliolegea pamoja na chakula hicho, na mchanga wa juu huteremka kujaza nafasi iliyoachwa. Ndiyo sababu ya kile kishimo mfano wa kikombe.

Chakula alacho ni kidogo mno kuliko mchanga amezao. Chembe za mchanga hazimfai kitu. Afuatacho ni bakteria, vijimea visivyoonekana kwa macho, na mabaki ya viumbe vilivyokufa. Kwa hiyo hana budi kumeza mchanga mwingi ili apate riziki ndogo. Baada ya kila muda wa dakika 40 hivi hurudi kinyumenyume mpaka karibu na uso wa mchanga, akatoa kichungu chake, kisha akashuka tena kazini.

Majira hayo ya kazi yalichunguzwa na Bwana G. P. Wells, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha London, naye alikuwa mwana wa mwandishi maarufu H. G. Wells. Aliona ya kuwa mnyoo hula kwa vipindi vya dakika chache, akapumzika, akala tena, kana kwamba ana saa ndani yake. Ajabu kubwa ilikuwa hii: hata kipande cha koo la mnyoo kilipotengwa na kutiwa katika maji ya bahari, kiliendelea kukaza na kulegea kwa majira yale yale. Saa ya mnyoo, basi, haitawaliwi na njaa wala na maji ya bahari peke yake. Imo katika koo lake.

Jambo la pili la ajabu ni damu yake. Mchanga wa chini mahali hapo ni mweusi na hunuka kama yai viza, kwa sababu hauna oksijeni. Maji yanapopwa, mnyoo hukaa saa nyingi bila maji mapya. Anaishije? Damu yake ni nyekundu kama ya mtu, kwa kuwa ina himoglobini, ile inayochukua oksijeni. Lakini himoglobini ya mtu huchukua molekuli 4 za oksijeni kwa mara moja, na ya mnyoo huyu yaweza kuchukua mpaka 156. Tena haikufungwa ndani ya chembe nyekundu kama ilivyo kwa watu, bali huelea yenyewe katika damu. Akiba hiyo ikiisha, mwili wake una njia nyingine ya kupata nguvu bila oksijeni kabisa, mpaka bahari irudi.

Damu hiyo imewafikirisha hata waganga. Katika nchi ya Ufaransa, mtaalamu aitwaye Franck Zal, aliyeichunguza kwa miaka mingi, alianzisha kampuni ya Hemarina huko Morlaix mwaka 2007, na minyoo ikafugwa katika kisiwa cha Noirmoutier. Nia ilikuwa kuitumia himoglobini yake kuhifadhi viungo vya mwili vitolewavyo kwa mtu mmoja ili apewe mwingine, visiharibike njiani kwa kukosa oksijeni. Mwaka 2016 majaribio ya kuhifadhi figo kwa njia hiyo yalianza kufanywa kwa wagonjwa wa Ufaransa. Kiumbe ambacho watu wengi walikiona kuwa chambo tu kimeingia hospitali.

Walakini maisha yake si ya raha. Kila arudipo nyuma kutoa kinyesi, mkia wake hukaribia juu, na hapo adui humngoja. Samaki bapa wa jamaa ya gayogayo humnyatia wakati wa maji kujaa, na ndege wenye midomo mirefu humngoja wakati wa maji kupwa. Mmoja wao ni sululu, ndege ambaye wakazi wa Lamu na Malindi humwona pwani kwao pia, kwa maana sululu wengi husafiri kutoka kaskazini kuja kukaa Afrika wakati wa baridi ya Ulaya. Mara nyingi adui hupata ncha ya mkia tu, na mnyoo huponyoka. Pingili zilizokatwa hazioti tena. Zilizobaki hurefuka kidogo kufidia upungufu. Mkia wake ni kama akiba ya kulipia maisha, na akiba hiyo hupungua kila mara inapotumika.

Sasa imefaa kueleza jinsi azaavyo, kwa maana hapo ndipo penye siri ya kustawi kwake na hatari ya kupotea kwake. Minyoo hawa wako waume na wake, ingawa kwa kuwatazama nje ni shida kuwatofautisha. Mayai na mbegu za kiume hukomaa ndani ya mwili, zikielea katika maji yaliyo kati ya utumbo na ngozi, tangu miezi ya joto mpaka majira ya baridi yanapokaribia. Wakati ukifika, ubongo wa mnyoo hutoa kitu kiingiacho katika maji hayo na kuziamsha mbegu. Bila amri hiyo ya ubongo hakuna kinachotoka.

Wala mnyoo hatoki nyumbani kwake kutafuta mwenzi. Katika siku chache za mwezi wa Oktoba au Novemba, karibu minyoo yote ya ufuko mmoja huzaa kwa pamoja. Maji yanapokuwa yamekupwa, dume husukuma mbegu zake juu ya mchanga, nazo hutuama katika vidimbwi vidogo vyeupe mfano wa maziwa yaliyomwagika. Jike hutoa mayai yake laki kadhaa, lakini yeye huyaacha ndani ya shimo lake. Kisha bahari hurudi. Maji yanayoingia huzoa vile vidimbwi vyeupe, huvichanganya, na kuvitandaza juu ya uwanda. Jike, ambaye kila siku huvuta maji ili apumue na ale, sasa huvuta pamoja nayo mbegu za madume, na mayai hutungishwa humo humo nyumbani. Pampu ile ile ya kulimia ndiyo pampu ya kuzalia.

Mkulima wa mahindi atalielewa jambo hili upesi. Ungaunga wa mbelewele hupeperushwa na upepo ukaangukia nywele za hindi la jirani. Shamba likipandwa vizuri, gunzi hujaa punje. Lakini bua lililosimama peke yake hutoa gunzi lenye mapengo. Vivyo hivyo mnyoo wa pwani. Bahari ndiyo upepo wake. Madume yakiwa wengi na wakatoa mbegu siku moja, maji huwa mazito kwa mbegu na kila jike hupata. Wakiwa wachache na wametawanyika, mbegu huyeyuka katika maji mengi kabla hazijafika, na jike huvuta maji matupu. Jike aweza kuwa mzima na mnene, mwenye mayai mengi, asipate mtoto hata mmoja kwa kuwa majirani hawapo.

Yai ni dogo sana, upana wake wapata sehemu ya tano ya milimita. Baada ya siku chache kiluwiluwi hutoka, naye hukaa kwanza katika shimo la mama. Baadaye huondoka na kuchukuliwa na maji mpaka mahali palipotulia, kama vile penye mwani, mawe au vifungu vya kome. Hapo mtoto hujitengenezea mfereji mwembamba wa ute na kukaa humo wakati wa baridi. Majira ya kuchipua yafikapo, huiacha nyumba hiyo ya muda na kwenda sehemu za juu za ufuko, ambako watoto wengi hukusanyika pamoja kama miche katika kitalu. Huko huchimba mashimo yao ya kwanza, madogo na ya karibu na uso wa mchanga. Wakiisha kupata nguvu huhama tena, wakateremka polepole kwenda kwenye uwanda wa wakubwa. Huanza kuzaa wapatapo miaka miwili au mitatu, na wengi wao wakisalimika huishi miaka mitano au sita.

Labda msomaji atauliza, Je, ufuko unapata faida gani kwa kazi ya mnyoo huyu? Jawabu lilitafutwa huko Ujerumani, katika kisiwa cha Sylt. Mwaka 2002 wataalamu walichagua sehemu za uwanda wa mchanga, kila moja yapata hatua 20 kwa 20, wakafukia wavu wenye matundu madogo inchi 4 chini ya uso, ili minyoo isiweze kuchimba nyumba zake hapo. Kando yake waliacha sehemu nyingine kama zilivyokuwa. Muda ulivyopita, mchanga usio na minyoo ulijaa vumbi laini la tope, maji yakawa hayapenyi vizuri, na sumu ile inukayo kama yai viza ikaongezeka. Mahali palipokuwa na minyoo mchanga uliendelea kuwa safi na kupitisha maji. Ikadhihirika ya kuwa mnyoo hakai tu katika mchanga ulio mzuri; yeye mwenyewe ni mmoja wa wanaoufanya uwe mzuri.

Hata hivyo, kwa wavuvi wa Ulaya sifa yake ya kwanza ni kuwa chambo. Samaki wengi humpenda, na tangu zamani watu wameteremka ufukoni na uma wa kulimia na ndoo, wakachimba wa kuwatosha. Mtu achimbaye wachache kwa ndoana yake haleti madhara makubwa. Shida huanza pale chambo kinapokuwa biashara, na kila mchimbaji anapodhani ya kuwa bahari haina hesabu.

Mfano ujulikanao sana ni wa ghuba ya Budle, katika jimbo la Northumberland, kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1984 wachimbaji waliingia humo kwa wingi, na katika muda wa majuma sita wakatoa minyoo ipatayo milioni 4. Mahali ambapo hapo kwanza palikuwa na minyoo zaidi ya 30 katika kila yadi ya mraba, hata mmoja ikawa shida kumpata. Ndipo kuchimba kukapigwa marufuku. Wengi walidhani ya kuwa ghuba hiyo imekwisha kabisa, lakini baada ya miezi michache vichungu vya mchanga vilianza kuonekana tena. Sababu haikuwa muujiza. Karibu na hapo palikuwa na mafungu mengine ya mchanga ambayo hayakuchimbwa, na minyoo yake ilihamia katika uwanda uliokuwa mtupu. Kama mafungu hayo nayo yangalikuwa yamechimbwa, uwanda ungalingoja miaka mingi.

Neno la haki nalo liliingia. Je, pwani ni mali ya nani, na nani aweza kumzuia mtu kuchimba chambo? Mwaka 1993 mahakama ya Uingereza ilitoa hukumu ya kuwa watu wote wana haki ya kuchimba minyoo ufukoni, kwa kuwa haki hiyo hufuatana na haki ya kuvua samaki baharini. Lakini ni haki ya mvuvi kujipatia chambo chake mwenyewe, wala si ruhusa ya kuchimba ili kuuza. Hukumu hiyo iliwapa wachimbaji wadogo heshima yao, na pia ikaonyesha mpaka wao.

Wachimbaji wenye kujali wamejiwekea kanuni zao pia. Wao huchagua minyoo mikubwa na kuacha midogo. Hawachimbi katika vitalu vya watoto. Na wakiisha kuchimba huyafukia mashimo yao, kwa maana mchanga mweusi uachwao juu huwaua kombe na viumbe wengine walio karibu. Zaidi ya hayo yote, hawachimbi uwanda wote. Huacha fungu zima lisiloguswa, ili Oktoba ikifika pawe na madume ya kutosha kuyafanya maji kuwa mazito.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo yenye maana kuliko zote, na mkulima hahitaji kuambiwa mara mbili. Familia yenye njaa yaweza kula mahindi yote yaliyomo ghalani, lakini mwenye akili hutenga mbegu kwanza, akazitundika juu ya moshi mahali ambapo hata yeye mwenyewe ataona haya kuzishusha. Mnyoo wa pwani hana ghala wala moshi. Mbegu yake ni majirani zake walio hai katika mchanga. Hawezi kutoka kwenda kutafuta mwenzi, wala kukimbia uma wa mchimbaji. Awezalo ni kuvuta maji na kungoja yale yatakayoletwa na bahari. Ikiwa wenzake wameachwa kando yake, bahari itamletea watoto. Ikiwa wamechukuliwa wote, ataendelea kulima mchanga wake peke yake mpaka siku zake zitimie, na baada yake uwanda utanyamaza.